Ua Lililoonja Ziwa

Ua lile liligeuka. Hebu niambie wewe, ua gani linaacha mwanga wa uani na kuelekeza majani yake yote kwenye dirisha la chumba chenye giza? Herieth aliliona asubuhi alipotoka kuanika nepi, akasimama na ndoo mkononi. Akadhani mama mkwe kakizungusha chungu. Akaendelea na kazi zake.

Mama mkwe huyo, Mama Eufrasia, alikuwa na mkono wa maua, mtaa mzima wa Lipangalala unajua. Lakini hili halikuwa la kununua. Kaka yake alilichimbua msituni juu ya Kiberege, penye chemchemi ambapo watu hawakati hata fito bila kuomba ruhusa, na yeye hakuomba. Majani mapana, kijani kilichokaribia weusi, laini kama mahameli, yamepitiwa na mishipa myeupe. Mama Eufrasia alilipanda kwenye pumba za mpunga zilizochomwa, akachanganya na vipande vya mkaa, akaliweka barazani kivulini. Kila siku alilinyunyizia maji na kupangusa majani kwa pamba iliyochovywa maziwa ya ng'ombe, ili yang'ae.

Haya. Herieth yeye shida yake ilikuwa moja tu: mtoto. Beatus alikuwa anakonda. Kliniki wakasema hana ugonjwa. Herieth alikuwa fundi cherehani sokoni, na kila asubuhi alikamua maziwa yake kwenye kikombe, akakifunika, akamwachia mama mkwe. Akirudi, kikombe kitupu, mtoto analia njaa. Na siku hizi hata kifua chenyewe kilikuwa kimeanza kukauka.

"Mama, amekunywa yote?"

"Kamaliza, mwanangu. Mlafi huyo, kama babu yake."

Mkwe ni mkwe. Mumewe Gasper yuko mashambani Malinyi, amwambie nani? Lakini shaka ikishaingia moyoni haitoki kwa kufagiwa. Mbona barazani kunanuka maziwa yaliyochacha? Mbona mama huyu anabembeleza hewani, "nyamaza baba, nyamaza," na mtoto yuko ndani?

Siku moja mvua ilimrudisha mapema. Umeme umekatika, wingu limeshuka mpaka karibu na mabati, naye akavua ndala uani asiteleze, akasikia, kupita kelele za mvua, sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, akafurahi maskini kwamba mwanawe anakula, mpaka alipochungulia dirishani akamwona Beatus kitandani peke yake, mdomo umefungwa, na sauti ile bado inaendelea, inatoka barazani, huko harufu ilikozidi, ambako mama mkwe alikuwa amechuchumaa na kikombe cha maziwa miguuni, anapangusa jani kwa pamba, na jani lenyewe linaifuata ile pamba.

"Mama! Unamloga mwanangu?"

Mama Eufrasia aliweka kidole mdomoni. "Usipaze sauti," akanong'ona. "Linasikia."

Akaeleza huku analia. Mafuriko yalikata njia, mama wa Kisukuma anayemuuzia maziwa ya ng'ombe akawa haleti. Kikombe cha Herieth kilikuwa na mabaki. "Maziwa ya mtu hayamwagwi chini, mwanangu. Nikaona bora yafae kitu. Kesho yake likanyauka, nikalinywesha tena, likasimama. Sasa nisipolinywesha, linalia. Linalia kwa sauti ya Beatus."

"Na Beatus unampa nini?"

"Uji mwepesi."

Looo! Herieth alitamani kumrukia.

Wakamwita Bibi Kristina wa Mofu, mganga. Akapokea shikamoo zao, akainama, akanusa jani.

"Jini la chemchemi," alisema kwa sauti ya chini. "Lingekuwa na njaa tu ningelifukuza. Hili mmelinyonyesha. Aliyenyonya hafukuzwi, huachishwa ziwa. Apake mwenye maziwa."

Akampa Herieth shubiri iliyopondwa, ile chungu wanayopaka kina mama kwenye chuchu mtoto anapoachishwa. "Likionja litalia. Likilia, usilibembeleze. Litaondoka lenyewe."

Herieth akapaka jani baada ya jani. Wakangoja. Ua kimya.

Kilio kikatoka chumbani.

Herieth alikimbia, akanawa mikono kwa sabuni, akamnyanyua mwanawe, akampa ziwa. Mtoto akaligusa kwa ulimi, akatema, akakunja uso, akageuka pembeni kwa chuki. Herieth akainama kumbusu. Midomo ya mtoto ilikuwa inanuka shubiri.

"Bibi," alisema, "mimi huyu sikumpaka."

Bibi Kristina alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Nilikwambia, mama. Likionja litalia. Na lililoonja ndilo hilo ulilolibeba."

Ndipo barazani, katikati ya majani yale, kitoto kikalia, kilio chembamba cha kiumbe aliyelia muda mrefu bila kusikilizwa. Mama Eufrasia akapiga ishara ya msalaba. Herieth hakuhitaji kuambiwa mwanawe ni yupi. Kifua chake kikavu kilikaza, kikauma, na maziwa yakachuruzika yenyewe, yakalowesha blauzi.

Akamlaza yule wa mikononi kitandani, taratibu, bila kumtazama machoni, akatoka kwenda barazani huku anafungua vifungo.