Kompyuta Kumi na Mbili Zilizokataa Kulala

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Najua alikuwa ameshamrekebisha mtu. Jumatatu hiyo zamu ilikuwa ya mama yake. Alimweleza kwamba birika halijazwi mpaka juu, kwa sababu maji mengi huchelewa kuchemka. Mama, ambaye alikuwa akichemsha maji miaka mingi kabla ya kumzaa mtaalamu huyo, alimkabidhi birika na kwenda kuvaa viatu.

Najua halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake wa darasa la sita, maana ukimwambia lolote, hata kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, jibu lilikuwa hilo hilo moja: najua. Kisha anajikwaa.

Shangazi yake alikuwa fundi wa kompyuta, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Skrubu zilikaa kwenye vifuniko vya chupa, waya zilining'inia ukutani kama tambi, na juu ya meza lilikuwapo daftari la jalada gumu ambalo mtu haruhusiwi kuliwekea kikombe. Kila alichobadilisha katika mashine ya mteja alikiandika humo. Alibadilisha kitu kimoja tu, akajaribu, akaandika kilichotokea, ndipo akagusa kingine. Najua aliona kwamba huo ni uzee unaingia, ingawa shangazi alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimwambia kwamba mtu mwenye akili anakumbuka, haandiki. Shangazi akamuuliza juzi walikula nini. Najua akasema swali hilo halihusiani, akabeba mkoba wake akaondoka.

Shuleni kwao kulikuwa na chumba cha kompyuta ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Ndani yake zilipangwa kompyuta mpakato kumi na mbili zilizokwisha kutumika kwingine, zikatolewa msaada zikiwa na mikwaruzo na herufi mbili tatu zilizofutika. Zilifanya kazi vizuri, ila zilikuwa na tabia moja mbaya. Ukiziacha dakika tano bila kuzigusa zilijilaza ili kuokoa umeme, na hilo si kosa, ndivyo zilivyoundwa. Tatizo lilikuwa kuziamsha. Unabonyeza herufi, unasikia feni inavuma, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Ilibidi uizime kwa nguvu na kuiwasha upya, na kazi yako yote ya saa nzima ndiyo hiyo, imekwenda.

Mwalimu mkuu alikuwa amechoka na malalamiko. Isitoshe, alikuwa na madawati mabovu ishirini uani yanayonyeshewa mvua. Alitangaza kwamba Ijumaa mchana atakuja kuziona mwenyewe. Zikiamka, chumba ni cha wanafunzi. Zisipoamka, zinarudi kwenye makasha na madawati yanarudi kwao.

Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa akizisimamia, alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Kabla ya kuondoka alimwachia Najua, mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, ufunguo wa chumba na neno kuu la siri linalofungua mipangilio yote ya mashine. Alisisitiza mara mbili kwamba ni kwa dharura tu.

Najua aliona kwamba dharura imefika.

Jumatatu hiyo baada ya masomo, klabu ilipokutana, aliingia mtandaoni akakuta watu wasiofahamiana wakibishana kuhusu ugonjwa huo huo. Kila mmoja alikuwa na dawa yake na aliwaona wengine wote wajinga. Najua, badala ya kuchagua dawa moja, alizinywesha mashine dawa zote kwa pamoja. Alifungua faili la mipangilio ya kuwashia kompyuta, akaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata akapoteza hesabu.

Rafiki yake, msichana mpole aliyeitwa Taratibu kwa jinsi alivyomenya hata chungwa kama anafanya upasuaji, alimshauri wajaribu kwanza kwenye kompyuta moja. Najua akasema anajua. Taratibu akauliza kama hawatayaandika mahali mabadiliko hayo. Safari hii Najua alimtazama tu, na mtazamo ule ulitosha. Ndani ya dakika arobaini alikuwa amezibadilisha zote kumi na mbili.

Wakaketi kusubiri. Dakika tano zikapita, kumi, kumi na tano. Hakuna kompyuta iliyosinzia. Klabu nzima ilipiga makofi, na Najua akatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa kuwa na viongozi wanaofikiri. Walipozizima, kila skrini iliandika kwamba mfumo umesimama, lakini kitaa cha kijani pembeni kikabaki kinawaka. Taratibu alikionyesha kwa kidole. Najua akasema kitajizima chenyewe, akafunga mlango.

Jumanne asubuhi kompyuta zote zilikuwa zimekufa. Betri hazikuwa na hata tone la umeme. Walipozichomeka kwenye chaja ziliwaka, lakini ile alama ya kuonyesha betri imebaki kiasi gani ilikuwa imetoweka, na feni zilinyamaza kana kwamba zimegoma. Baada ya nusu saa mashine zilipata moto hivi kwamba aliyekuwa ameipakata yake aliirudisha mezani upesi akaanza kujipepea magoti. Moja ilizidiwa, ikajizima.

Mwalimu mkuu aliitwa. Aliuliza swali moja tu: nani amezigusa?

Najua alifungua mdomo akiwa na nia ya kusema ukweli. Aliapa hivyo baadaye. Lakini aliikumbuka hotuba yake ya jana, akayakumbuka na yale makofi, na kilichotoka kilikuwa kingine kabisa.

"Hatujagusa kitu, Mwalimu. Tumezikuta hivi."

Taratibu alipaliwa na mate yake mwenyewe, akakohoa mpaka akapewa ruhusa ya kwenda kunywa maji. Wanaklabu wengine hawakutaka kumchongea mwenyekiti wao, wakatazama sakafu.

Mwalimu mkuu hakuwa na bajeti ya fundi, lakini alijua shangazi wa Najua ni fundi, akamwomba aje kusaidia. Shangazi akaja na mkoba wake. Kabla ya kugusa chochote alimvuta mpwa wake pembeni akamuuliza kama kuna kitu kilichobadilishwa. Najua alikazia macho kidole chake cha mguu na kujibu hapana. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kaka yake, na hajawahi kumdanganya kwa jambo la maana, shangazi aliamini.

Hapo ndipo fundi hodari alipopotea njia. Alama ya betri imetoweka, betri zinakauka usiku: basi tatizo ni betri. Alizichomoa zote kumi na mbili, akazibeba hadi nyumbani ndani ya beseni la kufulia, akazipima moja moja Jumanne jioni na Jumatano mpaka mchana. Mama alirudi kutoka kazini akakuta meza ya kulia imejaa betri.

"Wifi, leo tutakula tumesimama?" aliuliza.

Wakala wamesimama. Betri zote zilikuwa nzima. Jumatano alasiri shangazi alizirudisha shuleni, akazipachika, akazijaza umeme na kuondoka. Wanafunzi wakazizima wenyewe saa ya kufunga. Alhamisi asubuhi zilikuwa zimekauka tena kama kuni.

Sasa mwalimu mkuu akaanza kufikiri, na akifikiri huwa anatembea. Alizunguka ofisi mara tatu, akaelewa. Betri ni nzima, kompyuta zimezimwa, lakini asubuhi hazina umeme. Maana yake kuna mtu anazitumia usiku. Na usiku shuleni anabaki mtu mmoja tu mwenye ufunguo.

Mlinzi aliitwa. Alikuwa mtu mzima mwenye koti refu na tochi kubwa, na katika maisha yake hakuwahi kugusa kompyuta, maana aliamini kwamba zinapiga shoti. Najua, aliyekuwa ametumwa kuchukua chaki ofisini, alisimama mlangoni akasikia kila kitu. Shangazi alikuwa ndani pia, ameketi akitoa ripoti ya betri.

Mwalimu mkuu alimuuliza mlinzi kama ni kweli anaangalia mpira humo usiku. Mlinzi akafikiri sana.

"Kwenye kompyuta ngapi, Mwalimu?"

"Zote kumi na mbili."

"Mechi moja?"

Shangazi aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Lakini mwalimu mkuu hakucheka. Mlinzi alikiri kwamba usiku huona vitaa vya kijani dirishani, ila alidhani ndivyo vilivyo, na hilo likamzamisha zaidi, kwa sababu aliona na hakusema. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba kesho jambo lake litapelekwa kwenye kamati ya shule, na kamati ikiridhika kwamba ni yeye, itabidi atafute kazi kwingine. Mlinzi alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba ameandikiwa humo la kujibu, akaivaa tena. Hakuwa na mzaha tena.

Najua angeweza kuchukua chaki aende zake. Kisanduku kilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka mlangoni. Alizipiga hatua mbili, akakipita.

"Sio yeye, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Nilibadilisha mipangilio Jumatatu. Zote kumi na mbili."

Aliyasema yote: lile neno la siri, wale watu wa mtandaoni, kitaa cha kijani alichosema kitajizima, na uongo aliomwambia mwalimu na aliomwambia shangazi. Alipomaliza, alingoja shangazi afoke. Shangazi alifungua daftari.

"Uliandika mistari mingapi?"

"Mitano. Au sita."

"Ipi?"

"Sikumbuki."

Mwalimu mkuu alimgeukia mlinzi akamwomba radhi pale pale, kwa sauti, mbele ya mtoto. Kisha alimwambia Najua kwamba wataongea baadaye, lakini kwanza akarekebishe alichoharibu, na kwamba Ijumaa haijasogezwa hata dakika moja.

Mchana wote wa Alhamisi walikuwa chumbani humo: shangazi, Najua na Taratibu. Shangazi aliwaeleza walipokosea. Ndani ya kompyuta, alisema, kila kiungo kina programu yake ndogo inayoitwa draiva, ambayo kazi yake ni kuongea nacho: draiva ya feni, ya betri, ya skrini. Mmoja wa mistari ya Najua ulikuwa umezima usimamizi wote wa umeme kwa mkupuo. Hakuna aliyekuwa akiisemesha feni, ndiyo maana ilinyamaza. Hakuna aliyesoma betri. Na hakuna aliyetoa amri ya mwisho ya kukata umeme, kwa hiyo kompyuta zilizozimwa zilikesha macho kodo mpaka betri zikaisha.

Walifuta mistari yote ya Najua kwenye kompyuta ya kwanza. Feni ikavuma, alama ya betri ikarudi. Wakailaza, wakaiamsha. Skrini ikabaki nyeusi, ugonjwa ule ule wa zamani. Najua alikaribia kulia, lakini shangazi alifurahi kabisa, akaandika daftarini kwamba sasa wanauona ugonjwa wenyewe peke yake. Akaomba kuazimwa tochi ya mlinzi.

Mwalimu mkuu alipita dirishani akamwona fundi mzima, mchana kweupe, akimulika uso wa kompyuta kwa tochi kama daktari anayetazama koo la mgonjwa, huku watoto wawili wamebanana naye mashavu. Alitaka kuuliza, akaghairi, akaendelea na safari yake.

Lakini Najua alikuwa ameona. Kwenye weusi ule, pale mwanga wa tochi ulipopiga, maandishi yalionekana kwa mbali, hafifu kama ya penseli. Kompyuta ilikuwa imeamka muda wote. Ni taa ya nyuma ya skrini tu ambayo haikuwashwa, kwa sababu mfumo ulitumia draiva isiyoiweza skrini ile. Shangazi aliandika mstari mmoja, mmoja tu, wa kuuambia mfumo utumie draiva nyingine kwa taa hiyo. Wakaiwasha upya, wakailaza. Najua akabonyeza herufi. Skrini ikang'aa, na Taratibu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, aliruka mpaka kiti kikaanguka.

Zilizobaki walizishughulikia moja moja, kila moja na mstari wake daftarini, mpaka Ijumaa saa tano.

Mwalimu mkuu alifika mchana, akaketi, akasubiri dakika zake tano akiwa amekunja mikono. Kompyuta zikalala. Akabonyeza ya kwanza, ikaamka. Ya pili, ikaamka. Ya tatu vilevile. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akainuka kwenda zake.

"Mwalimu," Najua aliita. "Ile ya tisa haiamki. Skrini yake ni ya aina nyingine, na hatujapata draiva inayoifaa."

Darasa zima lilimtazama kama mtu aliyefunga goli kwenye lango lake mwenyewe. Mwalimu mkuu alirudi, akabonyeza ya tisa, akaona giza. Kisha akasema kwamba kompyuta kumi na moja zinatosha chumba, na hiyo ya tisa waendelee kuitafutia dawa. Madawati akayaombea turubai. Uenyekiti, hata hivyo, alimpa Taratibu mpaka mwisho wa muhula, na Najua akakabidhiwa ufagio wa chumba hicho kwa muda huo huo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Najua alimwomba shangazi msamaha. Shangazi alihamishia mkoba wa vifaa bega la pili.

"Kuharibu kompyuta kulikuchukua dakika arobaini," alisema. "Hilo sikulaumu sana, hata mimi nimeharibu nyingi. Lakini neno lako moja, lile la hapana, lilinibebesha betri kumi na mbili kwa siku mbili na likakaribia kumfukuzisha mtu kazi. Fundi anafuata anachoambiwa. Ukikosea, sema mapema, wakati bado ni kosa dogo, ili anayekusaidia ajue aanzie wapi. Umenielewa?"

Najua alisema ameelewa. Halafu akaomba aubebe yeye ule mkoba wa vifaa, ambao ulikuwa mzito kweli, na shangazi akamwachia mpaka mlangoni.