Aliyepiga Kibodi Wakati wa Alasiri

Kosa lilianza kwa uvivu mdogo tu. Alasiri ilipoingia, Bi Midundo, kama majirani walivyozoea kumwita kwa ajili ya chumba chake cha muziki, aliinuka kwenda kuswali akaiacha kompyuta ikirekodi, taa nyekundu ikiwaka. Akizima, hamu ya wimbo humtoka, na kuanza upya humwia vigumu. Kibodi yake ni ile ndogo ya MIDI, isiyo na sauti yake yenyewe. Kazi yake ni kuiambia kompyuta noti ipi ilie. Aliporudi, mkeka bado u mkononi, kwenye skrini palikuwa na mstari mrefu wa noti ambazo hakuzipiga. Na chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Angefuta palepale, yangeishia hapo. Lakini aliusikiliza. Ulikuwa mtamu, Mungu atusitiri, mtamu kuliko chochote alichowahi kuhangaika nacho. Akautia ngoma, akautuma mtandaoni kwa jina lake, watu wakaugombania.

Kesho yake aliiacha taa nyekundu makusudi.

Kila wimbo mpya ulikuja na kidole kimoja kufa ganzi. Wa tatu ulipotoka, alishindwa kufunga vifungo vya gauni, ikabidi amwite dada yake aliyeishi naye.

"Umelalia mkono," dada akasema.

"Kila siku niulalie mkono huohuo?"

"Wewe? Unaweza." Kisha noti zikasikika kutoka chumba cha muziki, dada akageuza kichwa, kifungo kikiwa bado vidoleni. "Mimi niko hapa, na wewe uko hapa," akanong'ona. "Kule chumbani anapiga nani?"

Wakaenda wameshikana, na mlangoni wakaona vitufe vikizama kimoja baada ya kingine, vyeupe na vyeusi, kama vinavyokanyagwa na vidole virefu vya kufika huku na huku bila mkono kusogea, na waya ambao Bi Midundo aliuchomoa mwenyewe asubuhi, kwa kuhofia vidole vyake, ukiwa umelala sakafuni, na spika zikiimba vilevile, na nyuma ya wimbo pumzi, pumzi tulivu isiyo na haraka, ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe, nyumbani kwake.

Wakamwita mjomba wao, anayewasomea wagonjwa Kurani. Alisimama mbele ya kibodi akipepesa macho.

"Hii naisomea, au naizima kwanza?"

"Isomee, mjomba. Kuzima nimeshajaribu."

Akasoma. Harufu ikapungua, ikarudi. Akasoma tena mpaka koo likamkauka, akaketi chini.

"Mwanangu, nisikufiche. Huyu hakuvamia. Umempa kazi, ukampa na jina lako. Nitamfukuzaje mfanyakazi wa mtu?"

"Sasa nifanyeje?"

"Itupe mashine hii, uache muziki."

"Siachi."

"Atakumaliza vidole."

"Na avimalize nikiwa navitumia."

Mjomba akainuka, akampisha.

Bi Midundo akakaa kitini, palipokuwa na baridi kama pamelowa, akazifuta zile nyimbo moja moja, zote tatu, mtandaoni na kwenye kompyuta. Akawaandikia wasikilizaji wake kwamba hazikuwa zake na amekosa. Matusi yalianza kuingia kabla hajaiweka simu mezani. Akaigeuza kifudifudi, akachomeka waya.

"Bismillahi," akasema, akapiga kwa vidole saba vilivyobaki, wimbo unaochechemea, na vitufe vikamsukuma kwa chini, vikawa baridi ya kuuma mfupa, na harufu ya majivu ikajaa mpaka dada akajifunika pua kwa mtandio, na kutoka kwenye spika ikaja sauti laini, iliyofanana na yake mwenyewe, ikinong'ona taratibu:

"Nitakupa mtamu zaidi."

"Sitaki."

"Wako mbovu."

"Mbovu, ndiyo. Lakini nimeutoa mimi." Na hakuacha kupiga. Akakosea, akarudia, akakosea tena palepale. Mjomba alianza kusoma kwa sauti ya chini nyuma yake, naye akazidisha nguvu, machozi yakimshuka, mpaka akaufikisha wimbo mwisho.

Kimya. Hewa ya kawaida ikaingia dirishani. Vidole vyake vitatu bado vilikuwa vimekufa.

"Ameondoka?" dada akanong'ona.

"Sijui," Bi Midundo akajibu, akiuanza wimbo upya. "Akibaki, atasikiliza."