Uchovu wa Jumwa

Jumwa aliamka akiwa amechoka. Si kwamba alikuwa amelala kidogo. Alilala tangu magharibi mpaka jogoo wakawika, na mtoto alipolia hakumsikia. Lakini alipoweka miguu chini, magoti yalimtetemeka kama ya mtu aliyelima kutwa nzima.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaziwaza kazi zilizokuwa zikimngoja. Kuwasha moto. Kupika chai. Kuteka maji. Kufua. Kufagia uwanja.

"Mama Kadzo!" mumewe aliita kutoka uani. "Chai bado?"

"Bado, baba Kadzo. Naja."

Lakini hakuinuka. Alibaki pale pale, akiitazama miguu yake.

Ulikuwa mwaka wa 1960, huko Changamwe. Jumwa na mumewe Ruwa walitoka upande wa Kaloleni walipooana, wakapanga chumba katika nyumba ya udongo. Ruwa alikuwa kibarua kwenye kiwanja cha ndege. Alifyeka nyasi. Walikuwa na watoto watatu. Kadzo alikuwa msichana wa miaka minane. Masha alikuwa na miaka mitano. Mdogo wao, Sidi, alikuwa bado ananyonya.

Uchovu ulianza alipozaliwa Sidi. Jumwa alidhani ni uzazi tu, utapita. Mwaka ukapita, uchovu haukupita. Akitembea kidogo, moyo ulimwenda mbio. Masikio yalimvuma. Akiinama kufagia, macho yaliingia giza.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno. Mama mkwe wake alikuja kuwatembelea, akauona uwanja umejaa takataka.

"Ruwa, mwanangu," alisema kwa sauti, "huyu umemuoa aje kufanya kazi au aje kulala?"

Ruwa alimpeleka mkewe kwa mganga. Mganga akasema ana pepo, akamfunga hirizi. Hirizi ilibaki shingoni, na uchovu ukabaki mwilini.

Jumwa alikuwa na siri pia. Akiwa peke yake, alikwenda nyuma ya nyumba, akabandua udongo wa ukuta kwa kucha, akautafuna. Alijua kwamba udongo si chakula. Lakini hamu yake ilimzidi nguvu. Alikula huku akitazama huku na huku, kama mwizi.

Basi akakata tamaa, akaona atakufa. Alianza kuwagawanya watoto wake. Hakumwambia mtu, aliwagawanya moyoni tu. Kadzo angekwenda kwa dada yake Jumwa, Kafedha, huko Kaloleni. Masha angelelewa na bibi yake. Alipofika kwa Sidi, alikwama. Nani angemnyonyesha? Akaanza tena tangu mwanzo, na akakwama pale pale. Hakulia. Hata kulia kulitaka nguvu, naye hakuwa nazo.

*

Asubuhi moja Jumwa alikwenda bombani. Sidi alikuwa mgongoni. Wanawake wengi walikuwa wamepanga foleni. Alijaza debe lake, akajitwisha, akapiga hatua nne au tano.

Ardhi ikazunguka. Alitaka kulishika debe, lakini mikono haikumtii. Akaanguka kwa ubavu, maji yakamwagika yote, na kichwa cha Sidi kikagonga saruji ya bomba. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akapiga ukelele. Damu ilimtoka kwenye paji la uso.

"Huo ni ulevi wa mnazi," mwanamke mmoja alisema.

"Saa mbili hii ya asubuhi!"

"Na mtoto mgongoni! Hana haya?"

Jumwa aliyasikia yote. Alitaka kusema, sikunywa kitu mimi. Ulimi haukuinuka. Alisikia kilio cha mtoto wake kwa mbali, akawaza, nimemuua mwanangu.

"Nyamazeni!" sauti nyingine ilisema. "Nani kati yenu amesikia harufu ya pombe hapa?"

Alikuwa Mwikali, jirani yao wa nyumba ya pili. Mwikali alikuwa Mkamba, mtu wa makamo. Alifanya kazi katika kliniki ya akina mama na watoto, na siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliifungua leso, akamtoa Sidi, akaibana damu kwa upindo wa leso mpaka ikakatika.

"Mtoto mzima," alisema. "Ni ngozi tu iliyochanika. Sasa wewe. Hebu nikuone."

Alilivuta chini kope la jicho la Jumwa. Ndani palikuwa peupe, hapakuwa na wekundu hata kidogo. Akaitazama mikono yake. Viganja vilikuwa vyeupe vilevile.

"Jumwa," alisema polepole, "damu yako imekwenda wapi?"

*

Alasiri, Ruwa aliporudi kutoka kazini, Mwikali alikuwa amekwisha fika nyumbani kwao. Alikuwa ameketi kwenye kibao, amempakata Sidi. Ruwa alisimuliwa yote. Akakaa chini, akauweka upanga wake wa kufyekea kando.

"Shemeji," Mwikali alimwambia, "nina swali. Mkeo anakula nini?"

"Anakula tunachokula sote. Ugali, samaki, kunde. Mimi si mtu wa kunyima watu chakula."

"Sikusema unamnyima. Umewahi kumwona akila?"

Ruwa aliutazama mkeka. Yeye na Masha walikula mkekani, mbele. Jumwa alikula jikoni. Ndivyo walivyoishi siku zote.

"Jumwa," Mwikali akageuka, "jana ulikula nini? Nitajie kila kitu."

Jumwa aliinamisha kichwa. Aliona kama anaambiwa amshtaki mumewe.

"Asubuhi nilikunywa chai ya rangi, na kipande cha muhogo," alisema. "Mchana, chai tena na muhogo."

"Na jioni?"

"Ugali."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa mchuzi."

"Samaki je?"

"Alikuwa mmoja. Nilimpa baba yao. Mkia wakala watoto."

"Na kunde?"

"Zilikwisha."

"Jana tu, au huisha kila siku?"

Ruwa alikuwa akimtazama, na Jumwa hakuweza kumtazama.

"Hata mama yangu alikula hivyo," alisema mwishowe. "Alitupakulia kwanza. Yeye alikula kilichobaki."

"Na mama yako alikuwaje?"

Jumwa alifikiri. Alimwona mama yake ameegemea mwimo wa mlango, mkono kifuani, akivuta pumzi. Alikufa Jumwa akiwa msichana bado. Mpaka siku hiyo hakuwa amejiuliza kwa nini.

"Alikuwa akichoka," alisema.

Mwikali alimrekebisha mtoto mapajani, kisha akauliza kwa upole, "Na udongo, unaula?"

Jumwa alishtuka.

"Nimeona alama za kucha ukutani, pale nyuma. Usione haya. Nimewaona wengi. Mtu akipungukiwa na damu hutamani vitu ambavyo si chakula. Lakini udongo hauleti damu. Unaleta minyoo."

Hapo ndipo Jumwa alipolia. Alilia bila sauti, uso wake ameuficha kwenye kanga.

"Miaka tisa," Ruwa alisema. Hakuwa akisema na mtu. "Miaka tisa nakula naye nyumba moja, na sikujua anakula nini."

*

Kesho yake Mwikali alimpeleka Jumwa kliniki. Walimchoma kidole, wakaipima damu. Wakapima na choo chake. Daktari alisema damu imepungua sana, na tumboni mna minyoo ya safura. Minyoo hiyo hunyonya damu. Walimpa dawa ya minyoo, na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu.

Njiani wakirudi, Mwikali alimweleza.

"Mwanamke hupoteza damu kila mwezi. Akichukua mimba, anagawana damu yake na mtoto. Akizaa, humwagika nyingine. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji chakula cha damu kuliko mwanamume. Nyumbani kwako wewe ndiye unayekipata kidogo kuliko wote."

"Chakula cha damu ni kipi, dada? Sisi hatuna uwezo mkubwa."

"Unakijua. Mchicha, matembele, majani ya kunde. Kunde zenyewe. Vidagaa. Maini, siku mnayoyapata. Kamulia ndimu kwenye mboga, inausaidia mwili kuichukua nguvu ya mboga. Na chai, usinywe pamoja na chakula. Chai huizuia nguvu hiyo. Kula kwanza, ngoja kama saa nzima, halafu ndiyo unywe."

"Maini ni ya wanaume," Jumwa alisema.

"Nani alisema?"

Jumwa hakujua nani alisema.

"Na hiyo safura," Mwikali aliendelea, "huingilia kwenye nyayo. Mtu akienda haja vichakani, mayai yake huanguliwa kwenye mchanga. Wewe unapita peku, inakutoboa bila wewe kuhisi. Vaa viatu, hata vya mpira wa gari. Na watoto wote watumie choo."

Ruwa alipoyasikia hayo hakubishana. Alileta makubadhi ya mpira kwa watu watano, madogo kwa makubwa. Jioni akauburuta mkeka mpaka jikoni.

"Kaa," alimwambia mkewe.

"Wewe kula kwanza."

"Nimesema kaa, mama Kadzo. Leo sianzi mpaka wewe uanze."

Alimgawa samaki, akamwekea mkewe upande wenye nyama. Jumwa alikula huku anaona aibu, kana kwamba amekaa kwenye karamu ya watu asiowajua.

Tena Ruwa alianza kuamka mapema na kwenda bombani yeye mwenyewe. Wanawake walimcheka. Mmoja alimwuliza kama siku hizi ndiye anayenyonyesha pia. Ruwa alijaza debe lake, akaenda zake. Mchana, Kadzo alimshika Sidi ili mama yake ajinyooshe.

*

Wiki tatu zikapita. Jumwa alikuwa amechoka vilevile.

Tena kukatokea jambo la kumtisha. Choo chake kilikuwa cheusi kama makaa. Aliwaza, sasa ninaoza ndani. Akaacha vidonge. Akarudi kulala mchana kutwa, ameelekea ukutani. Ruwa alimletea sahani ya mchicha, nayo ikapoa bila kuguswa.

"Labda ni pepo kweli," Ruwa alimwambia Mwikali mlangoni. "Sijui nifanye nini tena."

Mwikali aliingia, akaketi kitandani.

"Vidonge viko wapi?"

"Nimeviacha. Vinaniozesha tumbo."

"Ni choo cheusi? Hiyo ni rangi ya vidonge. Kila anayevimeza hupata hivyo. Kosa ni langu, sikukuambia."

Jumwa akasema, "Dada, nimefanya yote. Nimekula, nimelala, nimevaa viatu. Sioni kitu. Sina matumaini tena."

"Damu yako imepungua mwaka mzima. Unataka ijae kwa wiki tatu?"

"Nimekwambia sina matumaini."

"Na mimi sikukuomba matumaini," Mwikali alisema. "Nimekuomba umeze vidonge na ule mboga. Hayo unaweza kuyafanya hata bila matumaini. Inuka."

Jumwa alijiinua, akaketi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea sahani.

Aliendelea hivyo hivyo, bila matumaini. Alimeza vidonge kwa sababu Mwikali alipita kila asubuhi kumwuliza. Alikula kwa sababu Ruwa hakuanza kabla yake. Alijilimia tuta la mchicha nyuma ya nyumba, robo leo, robo kesho, akilimwagia maji aliyooshea vyombo.

Kilichoondoka kwanza ni hamu ya udongo. Siku moja alipita ukutani akiwa na kapu la nguo, na alipokwisha kupita ndipo alipokumbuka kwamba zamani asingepita bila kubandua udongo. Baadaye masikio yakaacha kuvuma. Mwezi wa tatu wa kumeza vidonge, walimpima damu tena kliniki. Ilikuwa imepanda, lakini haijatosha. Nesi akamwambia aendelee na vidonge mpaka atakapoambiwa aache.

"Tena waambie wenzako," nesi aliongeza. "Uchovu una sababu nyingi. Wako ulikuwa wa damu, wa mwingine huenda ukawa na jambo lingine. Mtu asiyepona uchovu asikisie. Aje apimwe."

Jumwa alirudi nyumbani. Aliogopa kufurahi. Alikuwa amezoea kuwa mgonjwa, na hakuiamini afya. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka, aliungoja uchovu urudi.

Kisha, alasiri moja, alikuwa ameketi uani akichambua kunde. Akasikia kitu kikitafuna. Mbuzi watatu walikuwa wameingia kwenye mchicha wake. Mmoja alikuwa na fungu zima mdomoni.

"We! We! Tokeni hapo!"

Kunde zikamwagika. Jumwa aliokota fimbo. Mbuzi wakatimka, na yeye nyuma yao, kanga ameikaza kiunoni, makubadhi yakipiga chini. Akawapitisha nyumba ya Mwikali, akawapitisha bombani, huku akigomba kwa sauti iliyowatoa watu ndani. Wale wanawake wa foleni walisogea kumpisha. Aliwakimbiza mpaka barabara kubwa, akamrushia fimbo wa mwisho wao.

Hapo aliposimama, jasho linamtoka, akageuka kuutazama mwendo wote ule alioukimbia. Kadzo alikuwa ametoka mbio kumfuata, amembeba Sidi kiunoni, na alikuwa bado mbali.

"Mama!" Kadzo aliita, akihema. "Mama, ningoje!"

Jumwa aliweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa ukidunda kwa nguvu, kama moyo wa mtu yeyote aliyekimbia. Akasimama palepale barabarani, akamngoja mwanawe afike.