Kioo Cheusi cha Oola

Soko la Owino lilikuwa limefurika siku waliyokutana. Dolphine Ajwang, Mkenya muuza mashati ya mitumba, alimwona kijana mrefu mwenye fimbo nyeupe akipapasa kola moja baada ya nyingine.

"Natafuta ya bluu," alisema kijana.

"Utajuaje ni bluu, ssebo, bwana wangu?"

"Wewe utaniambia. Ukinidanganya, nitavaa pinki na kila mtu nitamwambia ni wewe uliyenichagulia."

Dolphine alicheka mpaka wauzaji wenzake wakageuka. Alimpa ya bluu kweli, na namba ya simu kama nyongeza.

Kijana huyo, Oola, mtoto wa polisi wa kambi ya Nsambya, alikuwa mhariri. Vitabu vya shule vikishapigwa skani, maandishi hutoka yamevurugika: namba za kurasa katikati ya sentensi, vichwa vya sura vimemezwa na aya. Oola aliyasikiliza kwenye kompyuta inayosema, akayasafisha na kurudisha vichwa mahali pake, ili mwanafunzi asiyeona aruke moja kwa moja hadi sura anayoitaka. Aliahidiwa ajira ya kudumu iwapo kitabu cha baiolojia kingekamilika Ijumaa. Akiipata, angekwenda kuposa Luzira, nyumbani kwa kina Dolphine; mama yake Dolphine alikataa katakata kumwoza binti kwa mtu asiye na kazi.

Dolphine alimpenda kupita kiasi, na taabu ilianzia hapo. Alimkatia nyama, alimfunga vifungo, alimvuta mkono barabarani. Oola alimwomba mara nyingi aulize kwanza. Dolphine alikuwa akimjibu, "Nyamaza, mpenzi, acha nikudekeze."

Ijumaa Dolphine alifika kwa Oola na chakula, amependeza ndani ya gauni la njano. Oola alikuwa uani ananawa. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi ti. Maskini, hakujua kwamba Oola hukizima makusudi ili betri idumu. Kioo cha nini kwa mtu anayesikiliza? Akadhani mashine imekufa. Akakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika kweli, na wakati huo ilikuwa ikihifadhi kitabu kizima. Faili likaharibika, na nakala iliyobaki ilikuwa ya zamani mno.

Ajira akapewa mwingine. Dolphine alikiri kosa lake, kisha kwa aibu akaacha kupokea simu. Oola naye akadhani ameachwa kwa kukosa kazi. Dolphine alipopata moyo wa kwenda Nsambya, alimkuta amefunga begi. Alikuwa amepata kibarua Gulu, mbali kaskazini.

"Nisamehe. Mimi nilitaka kukusaidia."

"Ya kitabu nilishasamehe. Na nakupenda, Dolphine. Lakini mimi nikinyamaza tu, wewe unafikiri nimezimika."

Dolphine alilia bila kujificha. Kisha akauliza, "Nikusindikize mpaka kwenye basi?" Safari hii alisubiri jibu.

Oola alibeba begi lake. "Hapana," alisema taratibu. "Asante kwa kuuliza."

Akashuka ngazi, fimbo mbele. Karibu na chini alijikwaa kidogo. Dolphine aliushika mkono wake mwenyewe kwa nguvu, akamwacha aende.