Paneli Iliyoshiba

"Bosi, paneli hii imeshiba."

"Paneli inakula nini hata ishibe, dada?" Msimamizi alicheka peke yake. "Maliza ushuke. Wenye nyumba zao wanakuja kesho."

"Zote zinalia tupu kama debe, hii hailii. Kuna kitu nyuma yake. Ifunguliwe."

"Nyuma ya paneli pana upana wa kiganja. Hata paka hapiti. Au unamtafuta yule mtoro wenu humo?"

Dasta alikuwa amechomwa penye kidonda.

Huyu Dasta ni jirani yetu, tumepakana ukuta. Jina alipewa kazini, kwa ajili ya kitambaa cha kufutia vumbi kisichombanduka begani. Kazi yake ilikuwa kupita kila roshani ya lile jengo la kifahari, kufuta vumbi kwenye paneli za alumini zilizofunika kuta za nje, na kuzigonga kwa vifundo vya vidole asikie kama kuna iliyolegea. Mdogo wake, Popo, ndiye aliyekuwa akizifunga, akining'inia kwenye kamba huku akiimba. Wiki iliyopita alipanda asubuhi, jioni hakushuka. Mlinzi hakumwona akitoka getini. Ofisini wakasema ametoroka, na Dasta alipozidi kuuliza, msimamizi akamjibu kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mafundi nao walinong'onezana kwamba kila ghorofa ya jengo lile huchagua mpangaji wake kabla wapangaji hawajahamia. Nyumbani, mama yao alikuwa hali wala halali.

Dasta aliigonga tena ile paneli. Mara moja.

Ikagongwa kwa ndani. Mara moja.

Msimamizi aliacha kucheka. Akaita fundi, skrubu zikatolewa, paneli ikalazwa sakafuni. Nyuma yake palikuwa na zege kavu tu. Lakini upande wa ndani wa paneli ulikuwa umejaa alama za viganja, zimepigwa kwa silikoni, ile gundi ya kuzibia maungio ya paneli, na ilikuwa bado mbichi. Viganja vikubwa, viganja vidogo. Kimoja hakikuwa na kidole gumba.

"Irudishe," msimamizi akamnong'oneza fundi. "Hatujaona kitu."

Skrubu ya mwisho ilikuwa haijakaza vizuri waliposikia kugongwa tena. Safari hii kulitoka ghorofa ya chini yao.

Dasta akashuka ngazi mbio. Akatoka kwenye roshani, akalaza sikio kwenye alumini. Jua la mchana lilikuwa linaiwakia, lakini ilikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

"Popo?" akanong'ona. "Shuka, mdogo wangu. Shuka nikupeleke kwa mama."

Kisha kukagongwa, chini zaidi.

Akashuka. Kugongwa nako kukashuka. Akashuka tena. Sasa haikuwa ngumi moja. Zilikuwa nyingi, zinapishana, zinasukumana. Dasta alizisikia. Alijifanya hakuzisikia. Damu ni damu, akaendelea kuita.

Kwenye paneli ya mwisho, kando ya mlango mkubwa wa vioo, pakawa kimya kabisa.

Alitoka getini bila kuaga mtu. Alipokuwa akipita duka la dawa, ukuta wa duka ukagongwa. Kisha ukuta wa shule. Kisha wa kinyozi. Watu walikuwa wakipiga soga zao, hakuna aliyegeuka. Dasta naye hakugeuka. Aliongeza mwendo. Kuta nazo zikaongeza.

Akaingia nyumbani, akapiga komeo. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani ya mchana ikiwa imefunikwa vilevile.

"Umempata?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Polepole.

"Mwanangu!" Mama akainuka. Miguu iliyokuwa haimbebi ikambeba. Uso ulimng'aa, na Dasta hakuwa na moyo wa kumwambia kitu. Harufu kali ya silikoni ikapenya chini ya mlango. Mama akashika komeo.

Nje, sauti ya Popo ikasema kwa unyonge, "Dada, mshike mama asifungue. Sikushuka peke yangu."