Siku za Nyamizi Zimekwisha

Mama Shija, jirani wa ukuta mmoja, anasimulia kwamba kisomamishipa kilimkodolea Nyamizi jicho, kikagundua kuwa amekufa zamani, kikapiga king'ora, kikamfunika shuka nyeupe kwa mikono yake ya chuma, kikaanza kutangaza msiba hadi daktari akatimua mbio na kiatu kimoja. Anaapa kabisa. Siku hiyo yeye alikuwa kwake anapepeta mchele, lakini hilo halimpunguzii kitu.

King'ora hakikuwepo, wala shuka. Lililotokea lilikuwa dogo zaidi, na la kipumbavu zaidi.

Kisomamishipa kilikuwa fahari ya Tabora miaka hiyo, mji ulipokuwa umeota majengo ya vioo na nyuki wa bandia wakiwasaidia wale wa Mungu. Kilikuwa kiti chenye kofia. Ukikaa, kofia inashuka, taa ya kijani inaingia ndani ya jicho, mahali ambapo mishipa ya damu huonekana bila mtu kuchanwa ngozi. Kwa dakika moja unaambiwa umri wa mishipa yako na umri wa ubongo wako, maana miaka ya cheti cha kuzaliwa ni kitu kingine kabisa. Wakubwa walikuja kupiga nacho picha. Hakuna hata mmoja aliyekikalia.

Kilitengenezwa kwa ajili ya wanawake, ndivyo walivyosema. Homoni ya kike inapopungua, kuta za mishipa zilizozoea kulainishwa nayo hukakamaa, kama mpira wa kumwagilia bustani uliosahauliwa juani. Presha inapanda. Damu inaufikia ubongo kwa kusitasita, usingizi unakatika, maneno yanapotea mdomoni. Dawa ilikuwepo: kibandiko cha homoni, kidogo kama stempu, kinabandikwa pajani. Ila kilimfaa anayeanza mapema. Aliyechelewa kingeweza kumdhuru. Muda huo wa kuanza wataalamu waliuita dirisha, na dirisha la Nyamizi lilikuwa limebakiza miezi mitatu kufungwa.

Nyamizi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, alikuwa mwonja asali kiwandani. Roboti zilipima sukari na maji, lakini kijiko kikigusa ulimi wa Nyamizi alitaja mti: hii ya mtundu, hii ya mninga, hii imetiwa maji ya miwa na aliyeileta aone haya. Tangu mwaka uliopita majina yalikuwa yanamponyoka. Ladha inakuja, mti anauona mpaka magome yake, jina halipo. Mara mbili alisingizia mafua. Msimamizi alishamwambia, kwa upole wa kinafiki, kwamba kuna kazi nyepesi ya kufunga vifuniko.

Basi akaenda kupimwa. Kofia ikashuka, sauti laini ikamuuliza, "Mama, siku zako zinaendeleaje?"

Alijibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa rika lake angejibu, bila kukitaja kinachotajwa chumbani. "Siku zangu zimekwisha."

"Poleni wafiwa," kiti kikasema. "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema." Kofia ikapanda, ikaitwa namba inayofuata.

Aliporudi wiki ya pili lango halikukitambua kidole chake. Wiki ya tatu vilevile. Mara ya nne akapenya nyuma ya mfagizi, akamfikia Dokta Mihayo, msimamizi wa kile kiti, kijana mwenye koti lililonyooka kuliko maneno yake.

Kumbe waliokifundisha kiti Kiswahili walikuwa wanaume saba, wamejifungia kwenye jengo lenye baridi, wanakilisha magazeti na matangazo ya vifo. Swali waliandikiwa na nesi. Majibu yake hawakumuuliza. Katika magazeti mtu ambaye siku zake zimekwisha huzikwa, na kati ya hao saba hakuna aliyewahi kumtegea sikio mama yake akiongea na shangazi.

Dokta Mihayo alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba faili lililofungwa kwa kifo halifunguliwi, kwa kuwa mfumo hauruhusu mtu kufufuka. Halafu, ili mama asiondoke mikono mitupu, akamgeuzia kioo cha mezani amwonyeshe mchoro. Kiharusi kwa wanawake waliovuka hamsini kilikuwa kimeshuka karibu na sifuri tangu kiti kije. Ripoti ilishapelekwa nje ya nchi. Kulikuwa na tetesi za tuzo.

"Hapo chini pameandikwaje?" Nyamizi aliuliza.

"Waliofariki kwa sababu za kawaida. Elfu moja mia nne na sita."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi na moja."

"Wanawake elfu moja na mia nne wamekufa Tabora hii," Nyamizi akasema, "na mimi nisionje hata sahani moja ya pilau ya msiba?"

Dokta akasema takwimu zina wenyewe.

Marehemu hao walikuwa majumbani mwao. Wanatoka jasho, wanaunguza mboga, wanaambiwa ni uzee na wanakubali. Wengine kiharusi kilishawapiga, mdomo ukaenda upande, lakini maiti haiandikwi kuwa imeugua. Ndiyo maana mchoro ulipendeza.

Nyamizi hakupandisha sauti. Alimuuliza kama mama yake mzazi alishakikalia kile kiti. Dokta akasema ndiyo, wiki ya kwanza kabisa, alimpeleka mwenyewe. Kibandiko hakupewa na hakuitwa tena, maana yake mishipa yake mizima. Siku hizi mama huyo humpigia simu mara mbili kwa jambo lilelile, lakini huo ni upweke tu. Maneno hayo ya mwisho aliyasema polepole kuliko yote.

"Mpigie, daktari wangu," Nyamizi akasema. "Muulize kiti kilimuuliza nini, na yeye alikijibu nini. Ukimaliza fungua faili lake, kisha ufungue langu. Mimi nina miezi miwili. Yeye sijui."

Dokta Mihayo alikuwa ameishika simu. Jina la mama yake lilishatokea kwenye kioo, na kidole kilikuwa juu yake, hakishuki.