Mafuta Yasiyoisha

"Mama Adhis, kwani mafuta yako huwa hayaishi?" Jirani Jentrix aliuliza hivyo siku moja, akichungulia karai.

"Mungu hawasahau wajane," Nereah alimjibu, akacheka kidogo.

Kila jioni Nereah alikaanga mgongo wazi, yaani vichwa na mifupa ya samaki aitwaye mbuta, kando ya njia mtaani Kisumu Ndogo. Binti yake Adhis aliwasha jiko. Mafuta waliletewa na kaka yake Nereah, Mjomba Osewe, aliyesema yanatoka kiwandani. Yalikuwa rahisi, tena hayakupungua upesi.

Jumamosi moja Osewe hakuja, hivyo Adhis akatumwa mtaa wa Gatina kuchukua dumu la mafuta. Alimkuta mjomba nyuma ya vibanda vya vyuma vikuukuu, amefungua transfoma iliyong'olewa kwenye nguzo ya umeme, anakinga mafuta yake.

Khamala, fundi wa redio wa hapo jirani, alimvuta Adhis kando. "Usiyaguse, mtoto. Hayo ni ya kupoza mitambo ya umeme. Yana kemikali inayoharibu ngozi na ini. Tazama mikono yangu, niliwahi kuyashika." Vipele vyeusi vilikuwa vimemjaa hadi viwikoni.

"Mjomba, ndiyo haya tunayokaangia?"

Osewe hakuinua kichwa. "Ukimwambia mamako, mtakula nini? Sema, basi."

Adhis alibeba dumu hadi kwa mama yake. Alikuta karai linachemka kwa mafuta yaliyobaki na wateja wamesimama. Billy, mwanafunzi mwenzake, alikuwa mbele na sahani yake.

"Adhis, mbona umeganda kama ugali wa jana?" alimtania. Watu wakacheka. Nereah akamwekea kichwa kinono. Billy akamega.

Adhis akamnyang'anya sahani. "Asile. Mama, mtu yeyote asile." Kisha akaeleza yote mbele ya watu.

 Nereah akatoa makaa jikoni. "Nisameheni. Leo hakuna anayekula hapa. Na aliyewahi kula kwangu, tuandamane zahanati Jumatatu."

Wateja waliondoka wakinung'unika. Osewe akaingia nyumbani kwa Nereah jua likizama.

"Watu wamekula muda huu wote," alisema. "Nani amekufa?"

"Sumu hii haina haraka, Osewe. Inakaa mwilini, inangoja. Nami nilikosea. Kitu kikiwa rahisi kupita kiasi, uliza kimetoka wapi kabla ya kumshukuru Mungu." Nereah akamgeukia Adhis. "Ulijua tutalala njaa, na bado ukasema. Ukweli husemwa hivyo, kabla mtu hajameza."

"Nipe dumu langu."

"Ukamuuzie nani? Mtaroni mafuta haya hayamwagwi, watoto wanacheza humo. Asubuhi dumu nalipeleka kwa chifu, na nitamweleza nilivyoyatumia mafuta haya mimi mwenyewe."

Osewe alimtazama dada yake, kisha mpwa wake. Akavaa kofia, akatoka.